Tope kwanza, klorini mwisho

Mwezi wa 6 mwaka 2000, Vita vya Siku Sita vilikata umeme wa Kisangani. Mashine za maji zikasimama, watu wakarudi mtoni na bidoni.

Kiwanda cha maji ya mto hufanya nini? Huchanganya maji na dawa inayoshikamanisha tope hadi lizame. Kisha maji hupita kwenye mchanga. Klorini huja mwisho, kwani tope huimaliza nguvu kabla haijaua vijidudu vya kolera.

Robine ikikauka, tufuate mpango huohuo nyumbani: acha maji yatulie, mimina yaliyo juu, chuja kwa kitambaa safi, ndipo utie klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Ngoja dakika 30 kabla mtoto hajanywa. Yakibaki na tope, yachemshe.