Kuhamia Kolwezi: bei ya kamio ni robo tu ya hesabu



Kila mara mwezi wa saba unapofika na masomo inafunga, sisi watu wa sindika tunapokea wenzetu wenye barua moja mukononi: barua ya mitasio. Inasema tangu tarehe fulani utatumika Kolwezi, hapana tena Lubumbashi. Chini ya barua kuna jumla moja ya feza ya kuhama, na fasi ya kutia mukono. Mwenzetu anatuuliza: "Bakubwa, hizi franga zitatosha?" Na sisi tunamuuliza: "Umehesabu nini?" Karibu wote wanajibu sawasawa: "Niliuliza bei ya kamio."

Hapo njo shida inaanzia. Kamio ni kitu kikubwa, kinaonekana, kinafanya kelele. Lakini feza nyingi za kuhama hazipande mu kamio. Zinaishia kwa mwenye nyumba, kwa komisionere, ku masomo na mu chungu ya mwezi wa kwanza. Mutu anayehesabu kamio peke yake anafika Kolwezi na vyombo vyote vizima, lakini hana nyumba ya kuviweka.

Wazee wetu hawakujua hesabu hii. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mutumikaji aliyehamishwa alitoka mu kambi ya kampuni na kuingia mu kambi ingine ya kampuni. Nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, masomo ya kampuni, ata bunga. Leo wengi wetu tunatumika kwa makampuni ya kukodi kazi, na kambi haiko. Unapewa barua na jumla ya feza, kisha unajitafutia. Kwa hiyo hesabu ambayo kampuni ilikuwa inafanya zamani mu biro yake, leo inapaswa kufanywa ku meza ya nyumbani, baba na mama pamoja.

Mama tunamutaja kwa kusudi. Baba anajua bei ya kamio. Lakini ni mama njo anajua mufuko ya bunga inamaliza siku ngapi, mutoto gani viatu vyake vimeisha, na chombo gani hakitafika kizima. Hesabu ambayo baba ameandika yeye peke yake mara nyingi inakosa nusu ya mambo.

Mafungu matatu ya hesabu

Kamata karatasi, uigawanye mara tatu: mbele ya kutoka, mu njia, na mwezi wa kwanza kule. Tunaweka hapa mufano wa jamaa moja: baba, mama na watoto wanne, wawili ku sekondere na wawili ku primere. Wanatoka Lubumbashi na kupanga nyumba ya dola 150 kwa mwezi. Hizi ni namba za mufano ili muone namna ya kuhesabu. Bei ya kweli mutaiuliza ninyi wenyewe, mu juma ile munayohama.

Mbele ya kutoka:
– Safari ya baba kwenda kutafuta nyumba, kwenda na kurudi, na kulala: dola 50
– Mifuko, kamba, makarto: dola 30

Mu njia:
– Kamio: dola 450
– Wabebaji wa kupakia na wa kushusha: dola 60
– Tiketi za bisi za mama na watoto: dola 60
– Chakula na matumizi ya njia: dola 40

Mwezi wa kwanza kule:
– Garanti ya miezi 3: dola 450
– Mwezi wa kwanza wa nyumba: dola 150
– Komisionere, mwezi moja: dola 150
– Kadena, ampuli, waya na kutengeneza nyumba: dola 60
– Masomo na nguo za masomo: dola 120
– Chakula mupaka siku ya mushahara: dola 150

Jumla: dola 1.770. Ongeza sehemu moja ku kumi kwa mambo ya gafula, ni dola 177. Yote inafika dola 1.947.

Sasa angalia muzuri. Kamio ni dola 450 ku dola 1.770, ni kusema robo tu. Nyumba peke yake, garanti, mwezi wa kwanza na komisionere, ni dola 750. Kama barua yako inasema dola 700 ao 800, na wewe ulihesabu kamio tu, utafurahi na kutia mukono mbio. Kisha utatafuta dola zaidi ya 1.000 fasi gani? Tunajua fasi gani: ku ile deni watu wanaita banki lamberti, ya kurudisha na faida kubwa siku ya mushahara. Tumeona wenzetu waliohama mwezi wa saba na ku Noeli wangali wanalipa deni ya kuhama. Tumeona pia wengine waliofika peke yao, wakalala watano mu chumba moja, na mama na watoto wakabaki Lubumbashi mwaka muzima. Hapo jamaa inalipa nyumba mbili, vyungu viwili, na tiketi za bisi kila mwisho wa mwezi. Feza inapotea, na nyumba inavunjika.

Nyumba: anzia hapo

Usiite kamio mbele ya kupata nyumba. Kwenda Kolwezi siku mbili kuangalia inaonekana kama kupoteza feza, lakini inaokoa. Vyombo vikifika bila nyumba, utalipa kamio kwa kila siku inayosimama, ao utaweka vitu mu lupango ya mutu, na mvua na wezi hawakungojei.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipaswe kupita miezi 3. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, juu wanajua watu wa migodi wanafika kila siku. Jua sheria mbele ya kuongea bei. Omba kontra ya kuandikwa, na resi kwa kila franga. Uliza pia kama kuna deni ya moto ao ya maji iliyoachwa na yule aliyetoka. Kama iko, iandikwe mu kontra kwamba haiko yako.

Upande wa Lubumbashi, usisahau garanti yako ya zamani. Ni feza yako. Ongea mapema na mwenye nyumba, na muandike kama atakurudishia mukononi, ao kama utakula garanti kwa kukaa miezi ya mwisho bila kulipa. Ukikula garanti, ile feza ya nyumba ambayo hulipe tena iweke pembeni kila mwezi kwa ajili ya kuhama. Ikiingia mu matumizi ya kila siku, haitakusaidia kitu.

Kamio: uliza maulizo yote mbele

Toka Lubumbashi mupaka Kolwezi ni karibu kilometre 300, kupita Likasi na Fungurume. Uliza shofere watatu, hapana moja. Na usiulize tu "bei gani?" Uliza: peaje iko ndani ya bei? Makaratasi ya muzigo na mambo ya rulaje ni ya nani? Kamio inapasuka njiani, nani analipa ingine? Atafika mupaka ku mulango ya nyumba, ao atashusha ku barabara? Yule anayesema dola 350 bila peaje na bila kufika ku mulango anaweza kupita bei ya yule anayesema 450 na yote ndani.

Lipa nusu kwa kutoka, na nusu kwa kufika. Andika listi ya vyombo mara mbili, shofere atie mukono, kila mutu abaki na yake. Piga foto ya kila kitu na telefone. Makaratasi, feza, dawa na telefone havipande mu kamio: mama atavibeba ndani ya bisi.

Kwa vyombo, ulizo ni moja: kukibeba ni bei gani, na kukinunua kule ni bei gani? Matela, vyungu, frigo inayotumika, masini ya kushona: beba. Kabati ya mbao iliyooza miguu: uzisha. Kama vitu vyako vinaweza kuenea ku nusu ya kamio, tafuta jamaa ingine inayohama na mugawane bei. Mu migodi mara nyingi mitasio haiji kwa mutu moja. Sindika inaweza kuwaonyesha wenzenu, mutuulize tu.

Watoto na tarehe

Tangu 2019, masomo ya primere ya serikali ni ya bure, lakini nguo, madaftari na viatu haviko bure, na ku sekondere munalipa. Omba karatasi za masomo mbele ya masomo kufunga. Kurudia Lubumbashi kwa karatasi moja ni tiketi mbili za bisi. Mutoto anayekuwa mu mwaka wa mwisho wa sekondere, heri amalize pale amejiandikisha kwa Ekzame ya Leta. Kama atabaki kwa shangazi ao kwa nkambo, chakula chake kiingie mu hesabu. Shangazi pia ana chungu yake.

Mwezi wa saba na wa nane ni muzuri kwa kuhama: mvua haiko, masomo imefunga. Kama kampuni inakuhamisha mu mwezi wa pili, mvua ikinyesha na watoto wakiwa darasani, omba kwa barua tarehe ingine, ao omba jamaa ifuate nyuma ku bei ya kampuni. Na ombi hili ulifanye mbele ya kutia mukono.

Karatasi yako ni nguvu yako

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka ku mabega ya mukubwa wa kazi safari ya mutumikaji anayehamishwa, ya mwenzi wake na ya watoto wake, pamoja na mizigo yao. Inamuomba pia atoe nyumba ao feza ya nyumba. Haiko zawadi, haiko huruma ya shefu. Lakini mu biro, mutu anayesema "hizi ni kiloko" anajibiwa "wenzako walikubali". Mutu anayeweka ku meza karatasi ya mafungu matatu, na bei za shofere watatu, na barua ya mwenye nyumba, huyo wanamusikiliza. Hatuseme atapata yote. Tunasema wataongea juu ya namba, hapana juu ya kulia kwake.

Kwa hiyo, ndugu, barua ikifika, sema asante, na uombe siku chache. Usitie mukono siku ile. Rudi nyumbani, ikala na mama watoto, muandike. Kisha ona delege wako wa sindika mbele ya kuingia mu biro. Na kisha kuhama, chunga kila resi: feza usiyoonyesha resi, hakuna mutu atakurudishia. Kama mukubwa wa kazi anakataa ata yale sheria inasema, Inspeksio ya Kazi iko, na sisi tutaenda pamoja nawe.