Ghala linapoanguka, nani atajwe?

Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniandikia barua fupi yenye hasira kidogo. Anasema: wewe unayejifanya msomi, tuambie waziwazi, uchawi upo au haupo?

Swali ni zuri, lakini nitamkatisha tamaa, maana leo sitalijibu. Wataalamu wanaochunguza mila na imani za binadamu, yaani wanaanthropolojia, wana mazoea ya kuliweka kando swali hilo na kuuliza jingine. Watu wanaposema fulani ni mchawi, wanajaribu kueleza jambo gani? Na kwa nini wamtaje huyu, wasimtaje yule? Kwangu mimi swali hili la pili ndilo zito, kwa sababu kuna watu wamezikwa kutokana na jibu lake.

Baina ya mwaka 1926 na 1930 Mwingereza mmoja, E. E. Evans-Pritchard, alikwenda mara kadhaa kuishi na Wazande. Hawa ni watu wa eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937, na mpaka leo wanafunzi wa vyuo vikuu hukisoma. Mfano wake mashuhuri kuliko yote ni wa ghala la nafaka.

Ghala la Wazande hujengwa juu ya nguzo, na chini yake huwa na kivuli. Jua likiwa kali watu hukaa hapo wakicheza bao, wakipiga soga au wakifanya kazi za mikono. Basi mara nyingine ghala huanguka na kuwaumiza. Je, Wazande hawajui kuwa mchwa hula nguzo? Wanajua sana, kila mtu anajua. Wanajua pia kwamba waliokaa pale walikimbia jua tu. Wasichokubali kukiacha hivi hivi ni hiki: kwa nini ghala lianguke saa ile ile, juu ya watu wale wale? Mchwa wanaeleza ghala lilivyoanguka. Hawaelezi kwa nini halikuanguka jana usiku, pasipo mtu chini yake.

Wewe na mimi tungesema ni bahati mbaya, au ni kazi ya Mungu, tukanyamaza. Mzande husema ni mangu, yaani uchawi.

Wasomaji wa mjini msicheke. Basi linapinduka barabarani na abiria wanakufa. Askari wa usalama barabarani anasema tairi la mbele lilipasuka, na kila mtu msibani anakubali kuwa tairi lilipasuka. Lakini utamsikia mama akilia: mbona mwanangu alikuwa asafiri kesho, nani alimwambia aondoke leo? Yule mama ana akili timamu. Anauliza swali ambalo fundi wa matairi hana jibu lake.

Sasa, mangu ni kitu gani? Wazande waliamini ni kitu kilichomo tumboni mwa mtu, anachokirithi, mwanamume kutoka kwa baba na mwanamke kutoka kwa mama. Unaweza kuwa nacho na usijue. Kinachokiamsha ni husuda, chuki na kinyongo. Ndiyo maana Mzande akipatwa na balaa hakufikiria mtu wa mbali asiyemfahamu. Alifikiria jirani, maana husuda inahitaji ukaribu. Tena zingatieni jambo hili: watawala wao, wa ukoo wa Avongara, hawakutajwa kuwa wachawi. Raia angemtaja nani mbele ya mtawala?

Utaratibu wao wa kutafuta mchawi ndio ulionishangaza zaidi niliposoma. Palikuwa na sumu iitwayo benge. Kifaranga hunyweshwa, kisha sumu huulizwa: kama fulani ndiye anayemroga mgonjwa wangu, kuku na afe. Akifa, kazi haijaisha. Huletwa kuku wa pili na swali hugeuzwa: kama ni kweli, kuku huyu na apone. Majibu mawili yasipokubaliana, hakuna ushahidi. Yakikubaliana, bawa la kuku hupelekwa kwa aliyetajwa, kwa adabu kabisa. Naye kwa kawaida hagombi. Huchukua maji mdomoni, akalipulizia lile bawa, akasema kwamba kama mangu yumo tumboni mwake basi hakukusudia, na anamtakia mgonjwa afya njema. Kisha kila mtu huenda nyumbani kwake.

Sisemi Wazande walikuwa malaika. Zamani aliyehukumiwa kuwa ameua kwa mangu aliweza kuuawa au kutozwa fidia. Lakini katika ugomvi wa kawaida kijijini, benge liliwapa njia ya kutoa kinyongo bila kumwaga damu. Evans-Pritchard mwenyewe aliendesha mambo ya nyumbani kwake kwa kufuata benge muda aliokuwa huko, na akaandika kwamba hakuona ubaya wa njia hiyo kulinganisha na nyingine.

Kutoka huko tushuke nyumbani, Rungwe. Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa. Mama huyu alikuwa pia amechunguza Wapondo wa Afrika Kusini, na mwaka 1951 alichapisha makala akilinganisha wachawi wa pande zote mbili. Wachawi wa Wanyakyusa walisemekana kuwa na chatu tumboni, na walichotamani ni nyama na maziwa. Wa Wapondo walisemekana kutumwa na tamaa ya mapenzi. Kwa nini tofauti hiyo? Wanyakyusa wa wakati ule waliishi katika vijiji vya marika, jirani akiwa mtu wa rika lako na si ndugu yako, na kula pamoja ndiyo ilikuwa heshima kubwa. Basi hofu ikawa ni jirani anayelitolea macho bakuli lako. Wapondo waliishi katikati ya ndugu wa ukoo wasioruhusiwa kuoana, hofu yao ikawa kwenye tamaa iliyokatazwa. Ukitaka kujua jamii inaogopa nini, sikiliza inavyosema kuhusu wachawi wake.

Kwa kipimo hicho tutazame Usukumani. Tangu miaka ya 1970 kumekuwa na mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Katika miaka hiyo hiyo Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watuhumiwa waliokamatwa katika kuchunguza mauaji hayo kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Mauaji hayakukoma.

Anayetajwa ni nani? Mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, pengine mwenye shamba au ng'ombe wachache, asiye na kijana wa kumtetea. Na alama yake, husemwa, ni macho mekundu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo. Miti kwao ni haba, akipika kwa samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, akiinama na kupuliza kila asubuhi na kila jioni kwa zaidi ya miaka 50. Sisi wajukuu tulikuwa tukikimbilia nje kukohoa, yeye akibaki na chungu chake. Macho yake yangekuwaje meupe?

Sasa linganisha. Benge liliulizwa mara mbili, mbele ya mashahidi, na aliyetajwa aliletewa bawa la kuku, naye akapewa nafasi ya kusema. Katika ramli hizi zinazoua, mpiga ramli huwa peke yake chumbani na mteja aliyefiwa na mtoto. Amelipwa. Hakuna anayegeuza swali kulijaribu jibu lake. Bibi kizee hapelekewi habari yoyote, ila usiku anasikia mlango ukisukumwa na watu wenye mapanga. Shamba lake baadaye hulimwa na nani? Polisi wakianzia na swali hilo, sidhani kama watakuwa wamekosea njia.

Ndugu yangu wa Temeke, najua bado unataka jibu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza habari za wavuvi wa visiwa vya Trobriand, waliofanya uganga walipokwenda kuvua bahari kuu na hawakuufanya walipovua kwenye maji tulivu karibu na pwani, na uhusiano wao na zile "kamati za ufundi" za timu zetu za mpira. Mpaka hapo, kwaherini.