Shimo la mawe linaweza kuwa bustani? Waulizeni Bamburi

Wadau wa Tabora, mliowahi kufika Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 mnavijua vilima vya mawe vya kwetu. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita huku huku. Siku hizi ukisikia nyundo kilimani, ujue ni kokoto. Sisemi watu waache, jamani, kokoto ni ada ya shule na ugali wa jioni. Swali langu ni moja tu: mawe yakiisha tunabaki na nini?

Cheki wenzetu wa Mombasa. Pale Bamburi kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikawa kinachimba mawe ya matumbawe. Yakabaki mashimo makubwa, meupe, hata jani hakuna. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, akapewa kazi ya kuyafufua. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu tu. Iliyoshinda ni mvinje, maana inavumilia chumvi na vijidudu vya kwenye mizizi yake vinaipatia naitrojeni.

Tatizo likawa majani. Yanaanguka lakini hayaozi! Dawa ilikuwa nini? Jongoo! Wakaletwa jongoo, wakayatafuna, kinyesi chao kikawa udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta ndege na wanyama. Leo panaitwa Haller Park, unalisha twiga kwa mkono. Ndiko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee.

Sasa tusidanganyane. Ya kwetu ni granite, si matumbawe, na nyuma ya Haller kulikuwa na kampuni yenye pesa. Mponda kokoto ana nyundo tu. Ila somo ni lile lile: anza na mti unaokubali mahali, tengeneza udongo, mengine yatafuata. Kwetu tuna miti ya miombo, na tuna mvua kuanzia Novemba.

Tukiacha wazi, shimo linajaa maji, mbu wanazaliana, na watoto wanakwenda kuogelea. Hapo ndipo tutakumbuka, tukiwa msibani.

Je, mtaani kwenu kuna shimo la namna hiyo? Nani alifukie, mchimbaji, kijiji au halmashauri? Semeni wadau!