Kipini Yangojea Nini?

Lami siku hizi yatoka Garsen hadi Lamu, na mabasi ya wageni hupita bila kugeuza shingo. Mimi nilishuka njiapanda, nikapanda pikipiki hadi Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Zama za Mwingereza hapa palikuwa makao makuu ya wilaya. Leo mambo huamuliwa Hola, yaliko makao ya kaunti tangu 2013.

Baada ya sala ya alasiri mzee mmoja alinipeleka Ungwana. Magofu yenyewe, pamoja na msikiti wake wa Ijumaa, yalichimbuliwa na James Kirkman miaka ya 1950. Kwingine mtu hutoa kiingilio aone haya. Sisi tulipishana na mbuzi tu. Kaburi la Fumo Liongo nalo wenyeji husema li pande hizi hizi.

"Watalii na waje, mwanangu," alisema mzee, "lakini ufuo utaandikwa jina la nani?"

Si swali la mzaha. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma walizikana kwa ajili ya malisho na maji, watu zaidi ya 100. Diwani, alisema, huja na ahadi ya hoteli. Hati ya shamba hajaja nayo.