Gari Linapolala Bute: Pa Kuegesha na pa Kuepuka

Madereva wa malori na wasafiri wengine wanaopitia Bute, Wajir Kaskazini, mara nyingi hufikiwa na usiku wakiwa njiani. Wapo wanaolala ndani ya gari, na wapo wanaotandika mkeka chini ya lori. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, mahali penye hatari na nani wa kuulizwa.

Kupumzika ni sheria

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hivyo dereva aliyechoka ana wajibu wa kusimama. Hata hivyo, sheria hiyo haimruhusu kuacha gari likizuia barabara au kuhatarisha wengine. Lori lisilo na taa huonekana mtu akiwa ameshalikaribia mno. Gari likiharibika, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma.

Nani wa kuulizwa

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Usalama uko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa swali la maegesho, mwone msimamizi wa wadi. Kuhusu hali ya usalama usiku, mwone chifu au fika kituo cha polisi. Mnamo Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, kafyu ya usiku iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Amri ya namna hiyo ikitolewa, kuwa na mahali pa kuegesha hakumpi mtu ruhusa ya kusafiri usiku.

Usilale ndani ya laga

Laga kavu huvutia: mchanga laini, miti na kivuli. Lakini mvua ikinyesha mbali upande wa juu, maji huweza kufika ghafla mahali ambapo hapajadondoka tone. Hatari huzidi Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Egesha mahali palipoinuka, mbali na ukingo.

Ardhi ina wenyewe

Kambi rasmi za wageni nchini nyingi ziko ndani au karibu na hifadhi, kama ile ya Marsabit. Anayetaka kupiga hema karibu na Bute hujikuta kwenye ardhi ya jamii, inayolindwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Uwanda usio na ua ni malisho na njia ya mifugo kwenda majini. Omba ruhusa kwa wazee wa eneo kabla ya kusimamisha hema, usizibe njia ya kisima, na uzime moto kabisa.

Malori ya mafuta

Moto wa lori la mafuta Sachangwan, Januari 2009, uliua zaidi ya watu 100. Lori kama hilo lisilazwe kati ya maduka na nyumba. Mkazi akiliona, amweleze dereva kwa upole au aarifu chifu. Likivuja au kuanguka, kaeni mbali na msichote mafuta.

Kwa dharura, piga 999 au 112.