Gikomba haikosi mikono, inakosa ardhi

Kila mara moto unapoteketeza sehemu ya soko la Gikomba, viongozi wetu hufika kesho yake, wakawapa pole wafanyabiashara, kisha wakawahimiza washikane mikono na kuujenga upya mtaa wao. Mimi huzisoma habari hizo nikajiuliza iwapo waheshimiwa hao wamewahi kurudi siku ya tatu. Wangerudi, wangekuta nguzo zimekwisha kusimamishwa, mabati yaliyoungua yamenyooshwa kwa nyundo, na muuza mitumba ametandika nguo zake palepale penye majivu. Kushikana mikono ni elimu ambayo Gikomba ingeweza kuifundisha Kenya nzima.

Siku hizi yamezuka mazungumzo mengi kuhusu kuzihuisha sehemu kongwe za miji yetu kwa juhudi za wenyeji. Ni mazungumzo mema. Hata hivyo, anayetaja sehemu kongwe ya Nairobi aghalabu huwa anafikiria majumba ya mawe ya katikati ya jiji, yaliyojengwa na wakoloni kwa manufaa yao. Nairobi ya Mwafrika ina kitovu chake kingine, nacho kiko chini kidogo, ng'ambo ya kituo cha mabasi cha Machakos: Pumwani, Gikomba, Shauri Moyo, Kariokor na Kaloleni. Mwanafunzi anaweza kuhitimu masomo ya historia bila ya kuambiwa kwamba mitaa hiyo ni kumbukumbu ya taifa.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kuwakusanya pamoja Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya kandokando ya mji. Baraza la mji lilipima viwanja, na watu wakajijengea nyumba zao wenyewe kwa miti na udongo, huku wakilipia ardhi ambayo haikuwa yao. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo ya mwisho, kwa maana nitairudia. Kijiji cha Pangani, ambacho wenyeji wake walikuwa wamekijenga vivyo hivyo, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kuwapokea waliohamishwa. Kariokor nayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Na pale Pumwani ungali pale ukumbi uliojengwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita hivyo.

Katika ukumbi wa Kaloleni, mnamo tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa nchi hizi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walitiwa mbaroni, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya juma moja, huku polisi wakipambana nao katika mitaa hiyohiyo. Miaka 40 baadaye, tarehe 7 Julai 1990, ilikuwa zamu ya uwanja wa Kamukunji, ulio hatua chache kutoka sokoni. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano wa kudai vyama vingi, walikuwa wamekamatwa siku tatu kabla, lakini watu walikwenda. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaoita mikutano yao "kamukunji" wanautaja uwanja huo kila siku, sijui kama wote wanafahamu.

Hiyo ndiyo historia. Uhai wa Gikomba wa sasa uko katika kazi. Mwanafunzi wa bweni anayesoma ukurasa huu na alitazame sanduku lake la bati. Yamkini lilitengenezwa Kamukunji na fundi aliyepasua pipa kuukuu la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo, akalikunja, akalitia bawaba na kulipaka rangi. Sufuria kubwa ya jikoni shuleni huenda ilitoka hukohuko. Hata lile jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo limepunguza matumizi ya makaa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulitengeneza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliokuja Kenya mwaka 1972 waliona kazi za namna hii, wakaandika ripoti iliyoufanya ulimwengu uiheshimu sekta isiyo rasmi. Sisi tuliipa jina la jua kali, kwa sababu mafundi hawakuwa na paa.

Basi tazama kilichotokea walipopewa paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, akaahidi kuwajengea mabanda, na mabanda yakajengwa. Mafundi walijiunga katika chama chao, wakaweza kuzungumza na serikali kama watu wenye anwani. Hadi leo mlio wa nyundo unasikika pale kuanzia asubuhi hadi jioni. Sisemi kwamba mabanda yale yalimaliza shida zao. Waliokosa nafasi walikuwa wengi kuliko waliopata. Nasema tu kwamba fundi aliyehakikishiwa mahali pake aliacha kuwa mpita njia.

Mfano wa kinyume chake ulikuwa karibu sana. Mei 1990, vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa kwa nguvu, na vitu vya maskini vikaachwa mavumbini. Watu wa Gikomba walilishuhudia jambo hilo kwa macho yao. Je, nani baada ya hapo angethubutu kununua matofali?

Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo mahubiri ya umoja hayaligusi. Mfanyabiashara asiyejua kama mwakani atakuwapo hujenga kwa mbao na mabati, vitu anavyoweza kuving'oa usiku mmoja. Hujenga akiwa amembana jirani yake, kwa maana kila hatua ya ardhi ni riziki. Vitu hivyo ndivyo kuni za moto unaofuata. Usiku wa tarehe 28 Juni 2018, moto uliwaua watu 15 pale, na magari ya zimamoto yalipata taabu kupenya vichochoroni. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba moto wa Gikomba huwashwa na wanaoinyemelea ardhi. Kweli au si kweli, shaka hiyo yenyewe inatosha kumfanya mtu asijenge cha kudumu. Hali ni ileile ya Pumwani ya miaka ya 1920: nyumba yako, ardhi ya mwingine.

Tuangalie sehemu za Eastlands ambako juhudi za wenyeji zimezaa matunda yanayoonekana. Kaloleni, maktaba ya mtaa iliyokuwa imechakaa ilikarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na wakazi waliulizwa kwanza wanataka maktaba ya namna gani. Dandora, vijana na wenye nyumba walizisafisha nyua zao za pamoja, wakapanda maua, wakaweka malango, na kila nyumba ikawa inachangia fedha kidogo za kuzitunza. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini maktaba ya Kaloleni imesimama katika kiwanja cha umma kinachojulikana, na Dandora ni mtaa uliopimwa katika miaka ya 1970, watu wakapewa viwanja na kujenga polepole. Ua wa Dandora ulikuwa na mipaka kabla haujawa na maua.

Atatokea mtu aniambie kwamba sehemu ya Gikomba iko ukingoni mwa Mto Nairobi, na kwamba mafuriko ya mwaka 2024 yalitufunza hatari ya kuishi humo. Nakubaliana naye. Ukingo wa mto ni wa mto. Lakini anayeondolewa ukingoni aonyeshwe kwanza atakakopeleka meza yake, tena karibu, maana mteja wa mitumba hatamfuata mpaka Ruai. Mwingine atasema kwamba hati zikitolewa, matajiri watazinunua zote kabla wino haujakauka. Hilo lanitia hofu zaidi, nami naona dawa yake ni kuwapa vyama vya wafanyabiashara na mafundi ukodishaji wa pamoja wa muda mrefu, usioweza kuuzwa na mtu mmoja. Kwa upande wao, vyama hivyo vikubali kurudisha vibanda nyuma ili gari la zimamoto lipite. Hawatakubali kwa furaha. Watakubali wakiwa na karatasi mkononi.

Na walimu? Wapo wanaodhani jambo hili si lao. Shule za Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh ziko katikati ya kumbukumbu ambazo hazijaandikwa. Mpango wowote wa kupima ardhi utahitaji kujua nani alikuwa wapi, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani, na habari hizo ziko vichwani mwa wazee wa Majengo zaidi ya zilivyo katika makabati ya ofisi. Mtu aliyekuwa na miaka 10 wakati wa mgomo wa 1950 sasa amepita miaka 80. Wanafunzi wa historia wakitumwa muhula huu na daftari na kalamu, wawili wawili, nyumba kwa nyumba, wangali wana wa kumwuliza. Waanzie pale ukumbini Pumwani, kisha washuke kwa Barabara ya Digo kuelekea sokoni.