Jenereta Inguruxxmayo Bila Kutoa Umeme: Namna ya Kulifundisha Jambo Hili

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi iliyo juu ya Soni alipatwa na aibu ambayo walimu wengi wameionja. Alikuwa amewaalika wazazi na wanafunzi waje kutazama picha za sinema zihusuzo hifadhi ya udongo. Umeme ulipokatika, akatoa stoo jenereta ya shule, ambayo haikuwa imeguswa tangu masika. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba, ikanguruma vizuri. Taa haikuwaka. Watoto walipouliza sababu, akajibu kwamba umeme umekwisha ndani. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na daftari langu la tathmini, na jibu hilo lilinisumbua kuliko giza lenyewe, kwa maana jenereta si mtungi uliojazwa umeme.

Mwalimu hana budi kuzitenganisha sehemu mbili za mashine hii akilini mwake kabla hajazichora ubaoni. Kuna injini, ichomayo petroli na kuzungusha mhimili. Na kuna kinu cha umeme, yaani sumaku izungukayo katikati ya koili za waya wa shaba. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili, umeme huzaliwa katika waya. Lakini sumaku ya jenereta nyingi ndogo si ya kudumu. Ni chuma kilichozungushiwa waya, nacho huwa sumaku yenye nguvu pale tu umeme upitapo katika waya huo. Mwanafunzi mwerevu atauliza: umeme wa kwanza watoka wapi, basi? Watoka katika masalio ya usumaku yaliyobaki ndani ya chuma tangu mashine ilipotumika mara ya mwisho. Masalio hayo huzaa volti chache, volti hizo huitia sumaku nguvu, nayo sumaku huzaa volti zaidi, hata zifikie 230. Jenereta ikikaa miezi mingi bila kutumika, masalio huweza kufifia, na injini itazunguka kutwa nzima bila faida.

Fundi tuliyemwita alitufundisha utaratibu pasipo kusema mengi. Alichomoa kila kilichochomekwa. Akatazama swichi ya kinga, ile ijikatayo yenyewe mzigo unapozidi, ilikuwa salama. Akajaribu soketi ya pili kwa taa yake mwenyewe, kwani huenda balbu yetu ndiyo iliyoungua. Ndipo akatoa mita. Kama ingeonyesha volti chache, tungejua kwamba masalio yapo, na kwamba hitilafu imo katika njia ya kuitia sumaku nguvu: brashi za makaa zilizochakaa, kapasita, au kirekebishi cha volti. Mita ilionyesha sufuri. Hapo ama waya wa koili umekatika, ama masalio yamekwisha. Akazima injini, akapima koili, akaikuta nzima. Akazitenga nyaya za kirekebishi, akagusisha betri ya volti 12 kwenye brashi kwa sekunde chache, chanya kwa chanya. Alipowasha tena, ukumbi ulijaa mwanga na vigelegele. Kazi hiyo ya mwisho ni ya fundi, mwalimu asiijaribu.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la milima yetu hasa. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza yapata asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Jenereta iliyobeba mzigo wake barabara kule Mombo, huku juu taa zake zaweza kufifia bila ya ubovu wowote. Punguza mzigo kabla ya kumlaumu aliyeiuza.

Darasani jenereta haihitajiki. Chukua msumari, uuzungushie waya wa shaba uliovikwa plastiki, uunganishe na betri mbili za tochi kwa muda mfupi tu, maana waya hupata joto. Msumari utanyanyua pini kadhaa. Ondoa betri: pini nyingi zitaanguka, ila moja au mbili zaweza kubaki. Waulize watoto sababu kabla hujawaeleza. Rudia kwa sindano ya kushonea magunia, ambayo ni chuma cha pua, nao watazame ipi hushika zaidi. Kisha mwalimu aishike sindano kwa koleo, aipashe katika jiko la mkaa hadi iwe nyekundu sana, aiache ipoe. Haitashika tena kitu.

Juu ya usalama sitasema mengi, lakini haya hayana mjadala. Baridi ya Julai na ukungu wetu humshawishi mtu kuiweka jenereta mlangoni au ukumbini. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ikae nje, mbali na madirisha. Wala isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha jengo zima, kwa kuwa umeme hurudi katika nyaya za barabarani na kumkuta fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo.

Mwanachuo wetu alilirudia somo juma lililofuata, safari hii kwa sindano na msumari. Msichana mmoja wa darasa la tano akanyosha mkono: jenereta ikiwa mpya kabisa, haijatumika hata mara moja, hayo masalio hutoka wapi? Mwanachuo akanyamaza kidogo, akazitazama betri mezani, kisha akamwomba msichana aje mbele aushike waya.